Pengo la Alasiri

Jumamosi, Riyadh.

Vumbi tangu asubuhi. Dirisha nimelifunga na bado meza inachafuka, kikombe kinachafuka, hata meno yanasaga mchanga. Ni siku nzuri ya kuwa na hasira, maana hakuna atakayekuuliza kwa nini umekunja uso. Mji mzima umekunja.

Na hasira ninazo. Nimeamka nazo Jidda alfajiri, nimepanda nazo ndege, nimeteremka nazo hapa mtaani Sulimaniyah, na chai ya tangawizi niliyoipika mara mbili haijazipunguza. Wanasema hasira hasara. Leo nimekubali hasara.

Kwa asiyenijua: nafanya kazi katika ofisi ya kampuni inayokodisha walinzi, Riyadh na Jidda. Walinzi wanasimama juani, mimi nakaa kwenye kiyoyozi nikifuata nyayo zao. Kila lango lina kidude cha plastiki kilichobandikwa ukutani, na kila mlinzi ana simu ya kazi yenye jina lake. Kila baada ya muda mfupi anatakiwa aiguse simu kwenye kile kidude, kuonyesha kwamba yupo na yu macho. Kila mguso unaingia kwenye kanzidata kama rekodi moja: jina, lango, saa. Kazi yangu ni kuiuliza kanzidata maswali, kwa lugha yake, nayo inijibu.

Swali la mwezi huu sikulitunga mimi. Alilitunga mshauri tuliyeletewa kutoka nje ya kampuni, bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kutaja asilimia. Hapa kwenye blogu nitamwita Bwana Asilimia. Swali lake ni jepesi. Zipange rekodi za kila mlinzi kwa kufuata saa, kisha kwenye saa ya kila rekodi toa saa ya ile iliyoitangulia. Kinachobaki ni muda uliopita kati ya mguso na mguso. Muda ukiwa mfupi, mlinzi yupo. Ukizidi robo saa, mstari unageuka mwekundu, na mwenye mstari ajieleze.

Toleo lake la kwanza lilikuwa kituko. Alisahau kumtenganisha mtu na mtu, kwa hiyo kompyuta ikawa inachukua saa ya mlinzi wa Jidda na kuitoa kwenye saa ya mlinzi wa Riyadh, kama vile wote ni mtu mmoja anayeruka huku na huko kwa mbawa. Nani alimrekebishia? Mimi. Nilikaa naye, nikamwonyesha pa kuweka jina la mlinzi ili kila mtu ahesabiwe peke yake, akaniambia ahsante, akaenda kuonyesha kwa mudiri, mkuu wa ofisi yetu, kama kazi yake.

Ningelijua, ningeliwaacha wanaruka.

Maana baada ya marekebisho yangu, juu kabisa ya orodha nyekundu lilitoka jina moja. Barasa. Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa lango kubwa la makazi ya matajiri kule Al-Rawdah, Jidda. Kila siku ya kazi, mchana, anapotea. Anagusa, anagusa, anagusa, halafu kimya kwa zaidi ya robo saa, halafu anarudi kugusa kama kawaida. Miezi na miezi. Bwana Asilimia akachora mchoro wenye nguzo nyekundu, akauandikia kichwa cha habari: tabia ya kukimbia kituo. Mudiri akaupenda sana. Barasa akaambiwa kuanzia Ijumaa akae chumbani asitie mguu kazini mpaka Jumapili, ambapo uamuzi utatolewa.

Jumapili ni kesho. Na uamuzi kila mtu anaujua: ikama, kile kibali cha kuishi huku, ifutwe, tiketi ya kwenda tu, halas, imekwisha.

Mimi niliambiwa nihakiki hesabu, niweke jina langu chini yake, niipeleke kwa mudiri kesho asubuhi.

Hesabu ni sahihi. Hilo ndilo linaloniua.

Jumatano nilikaa nayo mchana kutwa. Kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye yale mapengo, nikawa sikijui. Kwenye mchoro wa Bwana Asilimia yalionekana yote yako saa ileile, kwa sababu yeye alizikusanya dakika zote kwenye nguzo nene nene. Nilipozirudisha rekodi zenyewe, moja moja, nikaona kwamba pengo halianzi wakati uleule. Linasogea. Wiki hii linaanza mapema kidogo kuliko wiki iliyopita, na wiki iliyopita mapema kidogo kuliko ile ya kabla yake. Linasogea polepole, bila kurukaruka.

Sasa jamani, mvivu gani anakimbia kazi kwa kufuata jua?

Nikaifungua ratiba ya swala ya Jidda, nikaiweka kando ya mapengo. Adhana ya Alasiri, pengo. Siku ya pili, adhana, pengo. Barasa, Mkristo aliyebatizwa Bungoma, mtu anayejua nyimbo za kanisani za lugha tatu, anaondoka langoni kwa adhana kwa uhakika zaidi kuliko waadhini wengine wanavyoamka.

Hapo nikajua. Nilikuwa nimejua siku zote, ila sikuwa nimeunganisha jina la kwenye kompyuta na mtu wa kwenye mazungumzo yetu ya nyumbani.

Makazi yale ya Al-Rawdah yana malango mawili. Lango kubwa lina walinzi wawili, Barasa na mwenzake Mutiso. Lango la nyuma, la wafanyakazi na magari ya taka, lina mlinzi mmoja. Mlinzi huyo ni Ami Seif, mdogo wake marehemu baba yangu.

Ami Seif alizaliwa Jidda, mtaani kwetu Al-Hindawiyah, baada ya babu kuhamia huku kutoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne. Unguja hajapata kuiona. Ni mtu wa kuswali jamaa, msikitini pamoja na wenzake. Swala ya Adhuhuri inamkuta kwenye mapumziko ya chakula, hana taabu. Alasiri inamkuta langoni, na msikiti uko ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, imamu anamjua kwa jina. Kuna kibanda langoni, angeweza kuswali humo, lakini kibanda chenyewe ukitandika mswala mlango haufungi, na malori yanapiga honi. Basi yeye na Barasa wakapatana zamani. Ikiadhiniwa, Barasa anamwachia Mutiso lango kubwa, anakuja nyuma, anapokea simu ya Ami Seif, anasimama pale akigusa kwa simu ile mpaka mzee arudi. Na siku ya Krismasi Ami Seif huacha mapumziko yake akasimama lango kubwa kwa simu ya Barasa, ili Barasa akae na wenzake na kuzungumza na watoto wake kwa video. Walinzi wengi huku wanafanya hivyo. Msimamizi wao aliwaambia kwa mdomo wake, "Pangeni wenyewe, yalla, mimi sitaki kusikia." Kwa mdomo. Kwa maandishi, sheria ya kampuni inasema kumpa mwenzio simu ya kazi ni kosa la kufukuzwa.

Programu yenyewe ina kitufe cha chakula, kitufe cha choo, kitufe cha moto na kitufe cha mwizi. Cha swala hamna. Walioinunua wote wanaswali. Nimeshindwa kulielewa jambo hili na sitaki tena kulielewa.

Kwa hiyo nikatafuta rekodi za Ami Seif. Safi kama sahani. Hakuna pengo hata moja la Alasiri. Kwa mujibu wa kanzidata yetu, ami yangu haendi msikitini Alasiri na wala hajapata kwenda, na Barasa anatoroka kazi kila siku kwenda kusikojulikana. Wema wa mtu umeandikwa kuwa wizi.

Alhamisi asubuhi nikaingia kwa mudiri. Nikamwambia mapengo ya Barasa yanafuata adhana. Bwana Asilimia alikuwapo, amekaa na kahawa yake, akatabasamu, akasema hilo alishalipima. "Nimelinganisha na nyakati za swala. Hazioani."

Nikamwomba anionyeshe. Akageuza kompyuta.

Alikuwa amelinganisha na adhana ya Riyadh.

Naapa nilihisi damu ikinipanda mpaka kwenye masikio. Jidda iko magharibi. Jua linapita hapa kwanza, ndipo liende kule; Riyadh tukishaswali Alasiri tukakunja miswala, Jidda ndiyo kwanza wanatia udhu. Hili analijua kila mtoto mwenye ndugu katika miji yote miwili. Mtu analipwa mshahara wa kunona kwa kuhesabu tofauti za muda, na tofauti hii hana habari nayo. Nilimweleza kwa sauti ya upole, ile sauti ya upole ambayo wanaonijua huikimbia.

Mudiri akatusikiliza, akaniuliza kitu kimoja. "Haya, tuseme yanafuata adhana. Huyu mtu ni Mkristo. Adhana inamhusu nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Amekwenda kumshikia lango ami yangu.

Sikulitoa.

Nilisema nitaangalia zaidi. Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka. Nimeandika hapa mabaya ya Bwana Asilimia kwa ukurasa mzima, na mimi mwenyewe niliulizwa swali dogo nikakaa kimya. Jioni hiyohiyo nikakata tiketi ya Jidda.

Jana, Ijumaa, baada ya swala, tulikaa kwenye sinia kama kawaida. Bi Moza, mke wa Ami Seif, alipika wali wa nazi, nazi ya kopo, na samaki wa kukaanga, na pilipili yake ile inayotoa machozi. Joto la Jidda lilikuwa limetukaa mwilini na kiyoyozi cha dirishani kinalia tu bila kupoza. Nilingoja Ami Seif anawe mikono. Sikuwa na subira ya kungoja zaidi.

Nikamweleza yote. Nikamweleza jinsi swali linavyofanya kazi, jinsi kila mguso unavyotolewa kwenye mguso uliotangulia, jinsi kompyuta inavyomwona Barasa akipotea. Nikamwambia mtu pekee anayeweza kusema Barasa alikuwa wapi ni yeye. Aandike mistari miwili tu, aseme, nilikuwa msikitini na Barasa amenishikia.

Alijifuta mikono kwa kitambaa. Ndevu zake zimekuwa nyeupe zote, sijui lini. Akasema, "Mwanangu, mambo ya kazi tuyaache kazini."

"Kazini yameshafika, ami. Kesho kutwa wanamfukuza."

"Mungu atampa riziki pengine."

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilimwambia Mungu alishampa riziki, hapohapo Al-Rawdah, na wewe ndiye unayemwangalia ikinyang'anywa. Nilimwambia fadhila za punda ni mateke. Nilimwambia hivyo ami yangu, aliyenipeleka shule mkono kwa mkono baba alipofariki. Watoto waliokuwa bado kwenye sinia wakaacha kutafuna.

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Na mimi nende wapi, umri huu? Kafili, mdhamini wangu, ni kampuni. Wakinitoa kwenye ikama, miezi haipiti naambiwa nirudi kwetu. Nirudi wapi? Kwetu ni hapa."

Na ni kweli. Ndiyo maana nilizidi kukasirika, kwa sababu ni kweli. Miaka yote hii, na bado nafasi ya mzee kulala katika mtaa aliozaliwa inategemea kidude cha plastiki cha ukutani.

Bi Moza alikuwa anakusanya vyombo. Aliinama kulichukua sinia, akatulia nalo mkononi. "Seif," akasema, "yule mtu kala kwenye sinia hili." Akaenda nalo jikoni.

Ami Seif akatoa tasbihi yake, akaivuta punje moja moja. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Na siku mtu akenda kuswali asimwachie mtu simu, nyinyi huko Riyadh mnaona?"

"Tunaona," nikamjibu kwa ukali. "Tunaona palepale. Mstari unakuwa mwekundu."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kulala.

Jioni nikampigia Barasa. Nambari nilipewa na Bi Moza, ambaye huwa anampelekea sahani ya biriani sikukuu ya Idi. Nilimwambia nataka aseme ukweli Jumapili, na mimi nitautetea kwa rekodi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akacheka kidogo.

"Dadangu, wacha tu," akasema. "Siwezi choma mzee. Nikisema nilishika simu yake, ni yeye ataenda kwanza. Mimi wakinifukuza niko na kwetu. Mzee ako na wapi?"

Nikamuuliza watoto wake watakula nini. Akasema, "Hiyo ni ya Mungu." Nikakata simu kabla sijaanza kulia, kwa sababu mimi nikikasirika sana hulia, na watu hudhani ni huzuni.

Wanaume wawili. Mmoja anamlinda mwenzake kwa kukaa kimya. Mwingine anakaa kimya kwa sababu anaogopa. Ukimya wao ukiutazama kwa mbali ni mmoja, kama vile kwenye ile orodha kila pengo ni jekundu tu.

Nimerudi leo asubuhi. Kwenye ndege nilikaa karibu na mama mmoja aliyesali njia nzima, nikamwonea wivu. Nimefika nikafungua kompyuta na vumbi langu, nikaandika swali la pili.

Swali la pili ni lilelile la kwanza. Nimebadilisha sehemu moja. Pale nilipomwonyesha Bwana Asilimia aweke jina la mlinzi, nimeweka namba ya lango. Yaani usiniambie Barasa alikaa muda gani bila kugusa. Niambie lango lilikaa muda gani bila kuguswa na yeyote. Mwenye nyumba aliyetukodi analipia lango lake lisiwe tupu. Hajali ni Barasa au ni nani.

Jibu likaja: hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Lango kubwa halikuwa tupu. Lango la nyuma halikuwa tupu. Miezi yote hiyo. Rekodi zilezile, saa zilezile, hakuna nilichoongeza wala kupunguza, na aliyekuwa mtoro juzi leo hayumo.

Nilisimama, nikazunguka chumba, nikajipongeza kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Kisha nikakaa tena, kwa sababu nilimsikia mudiri kichwani. Sawa, lango halikuwa tupu. Lakini jina lililogusa lango la nyuma ni la Seif. Seif alikuwapo. Barasa alikuwa wapi? Na hapo sina jibu. Simu haijui imeshikwa na mkono wa nani. Ili Barasa awepo langoni, Ami Seif lazima asiwepo, na kwenye kanzidata Ami Seif yupo daima, mzee wa chuma, asiyeswali wala kuchoka.

Niliufunika uso kwa viganja. Nilimkasirikia kila mtu kwa zamu, na ilipofika zamu ya Ami Seif sikuendelea mbele.

Baadaye ikaadhiniwa hapa mtaani. Niliswali vibaya, Mungu anisamehe, mawazo yote kwenye skrini. Nikarudi mezani. Jidda walikuwa bado. Ami Seif huwa kazini Jumamosi, na sijui kwa nini nilizifungua rekodi zinazoingia, labda nilitaka tu kumkasirikia nikiwa naona jina lake. Barasa yuko chumbani amezuiwa. Mutiso yuko peke yake lango kubwa, hawezi kutoka. Nikawaza, leo mzee ataswali kibandani, mlango wazi, simu mkononi. Atagusa, atarukuu, atagusa.

Jina lake likaingia. Mguso. Baada ya muda, mguso mwingine. Nikaitazama saa ya Jidda ikifika adhana.

Halafu hakuna kitu.

Nilingoja. Nikadhani mtandao umekatika, lakini Mutiso anaingia, na walinzi wengine wa Jidda wanaingia. Nikadhani kaanguka kwa joto, mtu wa umri ule. Nilishika simu nimpigie Bi Moza. Muda ukazidi, na mbele ya macho yangu mstari wa Ami Seif ukageuka mwekundu. Kisha ukaendelea kuwa mwekundu, kwa kadiri ya mtu kuvuka barabara, kuswali rakaa nne na jamaa, kukaa kidogo na tasbihi yake, na kuvuka tena bila haraka.

Kisha mguso. Jina lake.

Ujumbe wake haukuchelewa. Ami Seif hapendi kuandika, huwa anatuma sauti. Leo ameandika, neno moja.

"Umeona?"

Nimelitazama neno hilo mpaka skrini ikazimika.

Sasa nina jibu la kumpa mudiri. Siku zote Barasa alipokuwapo kazini, lango la nyuma halikuwa na pengo la Alasiri. Leo Barasa hayupo, pengo lipo, na ukilichukua pengo hilo ukaliweka juu ya mapengo ya Barasa, yanaingiana. Hata Bwana Asilimia ataona, akitumia adhana ya mji unaohusika. Barasa alikuwa pale. Ami yangu ameliacha lango lake mchana kweupe, mbele ya kompyuta yetu, ili ijulikane nani alikuwa akilishika.

Na kwa hilo ameingia kwenye orodha. Swali la kwanza bado linafanya kazi, mimi ndiye niliyelinyoosha, na kesho asubuhi litatoa majina mawili mekundu badala ya moja. La pili ni la ukoo wetu. Naweza kulifuta. Ni rekodi chache tu, hakuna atakayejua, nina funguo zote. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Silifuti. Mzee hakuvuka barabara ile ili mimi nimfute.

Kesho nitaingia kwa mudiri na karatasi mbili, ya walinzi na ya malango, na nitasema lile nililolimeza Alhamisi: huyu Seif ni ami yangu, Barasa alikuwa anamshikia lango akiswali, na msimamizi wenu ndiye aliyewaambia wapange wenyewe. Wakitaka kumfukuza mtu kwa kuswali, waliseme hilo neno kwa sauti mbele yangu, wasilifiche nyuma ya mstari mwekundu. Na jina langu nitaliweka chini ya karatasi zote mbili. Itakavyokuwa sijui. Huenda kesho jioni sote watatu hatuna kazi.

Bado nina hasira. Sitaki zipoe kabla ya asubuhi.

Nimemjibu: "Nimeona, ami. Mungu akutakabalie."